Kitabu Nilichomchagulia Wifi

Mimi kutulia ni kazi. Nikikalishwa mahali dakika kumi, miguu inaanza kutafuta mlango yenyewe, na ndiyo maana ofisini walinibandika jina la Kiguu na Njia. Jina halikunikasirisha. Kilichonikasirisha ni kwamba mtu mwenye jina hilo alikuwa amemaliza miaka kumi na saba ndani ya masjala, chumba kisicho na dirisha hata moja, akipanga majalada ya wenzake kwenye rafu za chuma na kuandika daftarini nani kachukua lipi na atalirudisha lini.

Chumbani humo nilikuwa na mwenzangu mmoja tu, wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilimwingiza kazini mimi mwenyewe, mwaka ule aliporudi kwao na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Tunakaa ua mmoja: sisi vyumba vya mbele, ambako mume wangu kaweka cherehani yake barazani, na yeye chumba cha uani. Wifi hana haraka na jambo lolote duniani. Mpe barua ya mstari mmoja, ataisoma mara tatu, halafu ataigeuza nyuma kuona kama kuna kilichosahauliwa. Yeye walimwita Pole. Watu wa idara nyingine walikuwa wakisema masjala ina injini na breki, ndiyo maana haijawahi kupata ajali.

Jumatatu moja ofisa utumishi akashuka na barua mbili, moja yangu na moja yake, maneno yaleyale. Masjala inafungwa. Majalada yote yalikwisha kupigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Mmoja wetu atapanda ghorofa ya pili kwenye dawati la msaada wa kompyuta, yaani awe yule mtu anayepigiwa simu printa ikigoma au bosi akisahau neno lake la siri. Mwingine atakwenda ghala la kumbukumbu nje ya mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, akayalinde makaratasi yasiliwe na panya. Wa kupanda juu ni yule atakayepata cheti cha mwanzo cha msaada wa kompyuta. Tukifaulu wote, ataangaliwa mwenye alama nyingi. Mtihani ulikuwa baada ya wiki tisa, na kila mtu angelipiwa jaribio moja tu.

Nilikitaka kiti kile. Sitazunguka mbuyu hapa. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu niolewe, kwa sababu miaka yote kumi na saba nilikuwa nikisikia simu za ghorofa ya pili zikilia juu ya kichwa changu na watu wakikimbizana, nami niko chini na vumbi. Wazo la ghala lilinifanya nihisi nguo zinanibana.

Wifi alimaliza kuisoma barua yake, akaigeuza, akaikunja.

"Wifi, mimi vitabu vya kompyuta sivijui," akasema. "Wewe una macho ya haraka. Chagua, nami nitasoma hichohicho."

"Hata kama tunashindana?"

"Tutashindana siku ya mtihani. Kwenye kitabu tunashindania nini?"

Nikacheka, nikamwambia aniachie kazi hiyo. Wala sikujiuliza mara mbili.

Waliosema mshika mbili moja humponyoka hawakunifikiria mimi, maana mimi nilishika tano. Nilianza na masomo ya video kwenye simu, ya bwana mmoja mwenye upara anayeongea kama anakimbilia basi. Siku tatu nikamchoka. Nikaenda kwa mwenye duka la fotokopi nyuma ya ofisi, naye akaniinamia sikioni akaniambia ana flashi yenye maswali yenyewe ya mtihani pamoja na majibu, kazi yangu ni kukariri tu. Nikayachukua. Nikayakariri arobaini, kisha nikagundua swali la tatu na la thelathini na moja ni swali lilelile lenye majibu tofauti. Nikayatupa. Nikaweka kwenye simu programu ya kadi za maswali, ikawa inalia kila saa kunikumbusha kusoma, mpaka mume wangu akaniomba nichague kati yake na hiyo kadi. Wiki mbili zikayeyuka hivyo. Kila nilichoshika nilikuwa nahofia kile nilichokiacha ndicho chenyewe. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, chakula nilikuwa nakimeza nimesimama.

Cha nne kilikuwa kitabu kipya kabisa nilichokikuta kwa muuza vitabu wa kona ya benki. Kinene, jalada linang'aa, kingali na harufu ya kiwandani.

"Hiki kimefanyiwa marekebisho," akanisifia.

"Kimerekebishwa kwa nini? Cha kwanza kilikosewa?"

"Si makosa, dada. Mambo yamebadilika."

"Kompyuta ni umeme na waya," nikamwambia. "Umeme umebadilika lini?"

Muuza vitabu akanitazama, akakirudisha kitabu chake kwenye rafu kwa adabu.

Maana wakati huo nilikuwa nimekwisha kupata cha tano. Fundi Waya, aliyekuwa mtu wa kompyuta pale ofisini kabla hajastaafu, alinikaribisha nyumbani kwake akanitolea sandukuni kitabu alichosomea yeye. Mgongo umeshikwa kwa gundi ya karatasi, pembe zimelika, na pembezoni mwa kila ukurasa kaandika kwa wino wa buluu: hili huulizwa, hapa angalia, nilikosea hapa. "Hiki ndicho kilichonifaulisha," akasema, akakipangusa kwa kiganja.

Sisi watu wa masjala tuna imani yetu. Karatasi kongwe ndiyo mama. Ikija ofisini nakala safi, inang'aa, haina mkunjo wala saini ya mtu, tunaitilia shaka. Tunashuka rafuni kutafuta ile ya kwanza yenye mihuri na mikono ya watu, na hiyo ndiyo tunayoiamini. Miaka kumi na saba nimeokoa kesi za watu kwa kanuni hiyo. Nilipokiona kitabu cha Fundi Waya, kikongwe, chenye mkono wa mtu aliyefaulu, moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu ile barua. Nikakitolea fotokopi chote, kurasa mia sita na kitu, nikakitoboa, nikakifunga kwa kamba ya jalada ndani ya gamba la ofisi, nikampelekea wifi mezani kwake.

"Huyu ndiye mwenyewe," nikamwambia. "Ukimaliza huyu, umemaliza kazi."

"Ahsante, wifi," akasema, akakipokea kwa mikono miwili.

Tukasoma. Mimi nilisoma nikitembea, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye geti na kurudi, mpaka mume wangu akaniuliza kutoka kwenye cherehani, "Mke wangu, unasoma au unapima kiwanja?" Wifi alisomea mkekani, kaweka rula chini ya mstari, kana kwamba mstari ungemtoroka. Ilipofika wiki ya tano nilikuwa nimekimaliza kitabu nimekirudia, yeye yuko sura ya sita. Nilimhurumia, na ndani ya huruma hiyo kulikuwa na furaha. Naisema kwa sababu ilikuwepo.

Jumanne ya wiki ya sita, saa ya mapumziko, nikapanda ghorofa ya pili kumwomba mkuu wa kompyuta anijaribu. Ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Akanikalisha kwenye mashine yake, akafungua mtihani wa majaribio wa maswali tisini, akaenda zake kula.

Swali la kwanza liliuliza habari ya simu ya mkononi inayokataa kupokea barua pepe za ofisi. Nikaliruka. La pili liliuliza habari ya faili zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za mbali, mtu akizifungua kwa mtandao. Nikaruka. La tatu, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Nikacheka peke yangu, nikidhani ni mtego, maana kitabu changu kilikuwa na kurasa kumi na nne nzima za namna diski inavyozunguka. Kufika swali la ishirini nilikuwa nimeacha kucheka. Nilichokijua mimi, diski laini za kuchomeka, printa za pini, nyaya zenye vichwa vya pini ishirini na tano, hakuna aliyekiuliza.

Nikapata thelathini na saba.

Mkuu aliporudi akaitazama ile namba, akanitazama mimi. "Unasoma kitabu gani?"

Nikamtolea. Hakukifungua hata. Akaweka kidole kwenye kona ya jalada, penye tarakimu chache ambazo nilikuwa nimeziona kila siku na sikuwahi kuzisoma. "Kila mtihani una namba yake. Huu ulifutwa. Ukaja mwingine, nao ukafutwa. Nyinyi mtafanya wa tatu. Namba imeandikwa kwenye barua yenu."

Nikaitoa barua kwenye mkoba. Ilikuwepo, mstari wa pili, chini kidogo ya tarehe. Mimi, ambaye sijawahi kupokea barua ya mtu bila kulinganisha namba ya kumbukumbu, mimi niliyewahi kumrudisha mkurugenzi kutoka mlangoni kwa sababu ya tarakimu moja, sikuilinganisha ya kwangu. Masikio yaliniwaka. Nilitamani yule mama anitukane nijue moja, lakini yeye akanipa tu karatasi nne zenye orodha ya mada za mtihani mpya, akaniambia bado kuna muda nikikaza.

Jioni ile nilikwenda mbio kwa muuza vitabu wa kona ya benki.

"Kilikuwa kimoja," akasema. "Kimeshachukuliwa. Kingine labda baada ya mwezi."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, na njiani ndipo nilipowaza jambo ambalo mpaka leo likinijia huwa naangalia pembeni. Niliwaza: wifi hajui.

Alikuwa mkekani na rula yake. Sura ya nane. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya taratibu, "Wifi, hizi diski mbili kwenye waya mmoja, mkubwa nani na mdogo nani? Fundi Waya kaandika hapa ni muhimu sana." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa mifano, jambo lisiloulizwa tena popote duniani, nikaingia ndani na simu kumtafuta yule bwana mwenye upara, ambaye kumbe siku zote yeye ndiye alikuwa sahihi.

Siku zilizofuata sikukaa mahali. Nilipanda ngazi na kushuka bila kutumwa. Nilipanga rafu zilizokwisha kupangwa. Nilijiambia mtihani ni mtihani, kila mtu na macho yake, barua na yeye alipewa. Kisha namwona anavyopindua ukurasa wa fotokopi niliyomfungia kwa kamba yangu mwenyewe, natoka tena kama niliyeitwa. Alhamisi nikamweleza mume wangu. Alikuwa anapachika mkono wa shati, akaupachika kichwa chini miguu juu.

"Mwambie," akasema.

"Nikimwambia nakikosa kiti."

"Mwambie leo."

"Kwako ni rahisi kusema, ni dada yako."

"Na wewe ni mke wangu," akasema, akaanza kufumua ule mkono. "Ndiyo maana nakwambia, simwambii mimi."

Sikumwambia siku ile, wala Ijumaa. Jumamosi asubuhi, watoto wake wako nje wanafua viatu, nikaenda mpaka mlangoni kwake nikapiga hodi, ingawa miaka yote huwa nasukuma tu pazia na kuingia. Nikasikia kitu kikisukumwa haraka. Kwa mtu aitwaye Pole, haraka ile ilinishangaza.

Alikuwa amekaa kitandani na gamba la jalada mapajani, lile nililomfungia mimi. Nikasema yote bila kuvuta pumzi: kitabu ni cha zamani, mtihani ulifutwa mara mbili, nimejua tangu Jumanne, nimekaa kimya kwa sababu ya kiti, nisamehe au usinisamehe lakini ujue.

Wifi alifungua lile gamba polepole, akaligeuzia kwangu. Ndani hakukuwa na fotokopi yangu. Kulikuwa na kitabu kinene, jalada linang'aa, kimeshasomwa mpaka katikati, na rula imebaki humo.

Nilikaa chini sakafuni bila kukaribishwa.

"Nilipiga simu kule kwenye ofisi ya mtihani kuuliza siku hiyo tuje na nini," akasema. "Yule wa simu akanisomea namba. Nikailinganisha. Ni siku kumi na moja leo."

"Siku kumi na moja! Na Jumanne ukaniuliza habari za diski mbili kwenye waya mmoja?"

"Nilitaka uone niko nyuma."

Nikapandisha mori. Sikumbuki yote niliyosema, nakumbuka nilimwita nyoka, nikamkumbusha nani aliyempeleka kazini, na nani aliyekaa na wanawe alipolazwa. Barazani cherehani ikanyamaza. Mume wangu akaita, "Mnachinjana huko?"

Wifi aliniacha nikamaliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Tangu umekuja kwetu nakufuata nyuma," akasema. "Kazi, nimekufuata. Nyumba, nimekufuata. Kitabu, nikasema chagua nikufuate. Siku ile niko na simu mkononi nikaona, leo niko mbele ya wifi. Mara moja tu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikaja nikasema kesho."

"Na mimi nilisema hivyohivyo."

"Wewe ni siku nne," akasema. "Mimi kumi na moja. Umenishinda wema kwa siku saba."

Alisema bila utani hata kidogo, kama mtu anayesoma hesabu ya majalada. Sijui kwa nini nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikalia, naye akacheka kwa aibu, na hasira yangu haikuisha ila ilikaa chini, kama mimi.

Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wawili, na zilibaki wiki tatu. Katika masjala jalada likizidi unene huwa hatubishani nalo: tunalifungua na kuligawa, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na gamba lake. Tukakipeleka kitabu barazani. Mume wangu akatupa wembe wake wa kufumulia, akageuza uso pembeni asione. Wifi ndiye aliyekata, taratibu, uzi kwa uzi, hata karatasi moja haikuchanika. Sehemu ya kwanza: vifaa, simu, printa. Sehemu ya pili: mitandao, usalama, na mambo ya kumhudumia mwenye shida. Tukatoboa, tukafunga kamba, tukaandikisha daftarini nani kachukua ipi. Kila jioni baada ya kula tulikuwa tunabadilishana kwenye mlango wa jikoni, na kutia saini.

Zilikuwa wiki nzuri, nikizikumbuka. Tuliulizana maswali tukiosha vyombo. Yeye akawa ananikalisha, ananiambia, "Soma swali mpaka mwisho, wifi, jibu halikimbii." Mimi nikawa namharakisha kwa saa ya simu, maana alikuwa akitumia dakika tano kwa swali la dakika moja. Lakini ndani yangu roho haikukaa sawa. Kila jioni kabla ya kupokea sehemu yangu nilikuwa nazihesabu kurasa kwa kidole, na nilimwona yeye pia akizihesabu zake.

Siku nne kabla ya mtihani ilikuwa zamu yangu ya kuirudisha sehemu ya pili. Mitandao ilikuwa bado inanipiga chenga. Nikamwomba, "Niachie mpaka kesho kutwa, wifi. Siku mbili tu." Mitandao ilikuwa inampiga chenga yeye pia, nami nilijua, maana jana yake nilimsahihisha maswali kumi akakosa sita. "Chukua," akasema. Nikachukua.

Mtihani tulifanya chumba kimoja, mashine mbili zilizogeuziana mgongo. Nilikuwa naona visigino vyake tu chini ya meza, vimetulia. Vyangu vilikuwa vinachimba sakafu. Nilisoma kila swali mpaka mwisho kama alivyonifundisha. Mitandao ilikuja kwa wingi, na kila ilipokuja niliona ukurasa mzima mbele ya macho, ule wa siku zile mbili. Nilipobonyeza cha mwisho, mashine haikuchelewa: nimefaulu.

Nikamngoja nje kwenye benchi. Alitoka wa mwisho, muda ulipomkatikia. Akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Nimekosa kwa maswali mawili matatu," akasema. "Mitandao, wifi. Mitandao imenimaliza."

Nilijua, naye alijua. Nilingoja aseme habari za siku mbili. Angesema, ningepata pa kujitetea. Hakusema. Alinishika mkono akanipa hongera, na ilikuwa hongera ya kweli, hilo ndilo lililonichoma.

Majirani wengine waliposikia walidhani nitakikataa kiti, kwa kuwa ni wifi yangu na ana watoto wawili wa kuwaandaa asubuhi. Mume wangu hakuniuliza, ila alinitazama. Sikukikataa. Nilikipanda kile kiti siku ileile niliyoitwa, nikajibu simu ya kwanza kwa sauti iliyonitetemeka kwa furaha, na jioni nikarudi nyumbani nikashindwa kumtazama mtu usoni. Vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Jumatatu iliyofuata wifi alianza ghala. Inambidi atoke kukiwa bado kiza. Niliamka kabla yake, nikachemsha chai, nikawafungia wanawe vya kula shuleni, nikamngojea kwenye geti. Alitoka amevaa koti kuukuu la kaka yake, na chini ya kwapa ana majalada mawili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili.

"Baada ya miezi sita naruhusiwa kurudia," akasema. "Nitalipa mwenyewe. Mabasi manne kwa siku, nitasoma humo."

Nikamrukia kwa maneno, kama kawaida yangu. Nikamwambia kule juu nimeona kitabu kingine kizuri zaidi, chembamba, na mkuu ana masomo ya video ya mitandao pekee, nitamwomba, nitamwekea kwenye simu leo hii hii, na kuna—

Wifi akaniwekea mkono begani. Alingoja mpaka nikanyamaza, hata miguu ikatulia.

"Ahsante, wifi," akasema. "Lakini safari hii kitabu nachagua mwenyewe."

Akafungua geti, akatoka, akalirudishia taratibu ili watoto wasiamke.